Protini kwa nguruwe walioachishwa kunyonya: uwape nini, kiasi gani, na lini

Swali hili hunifikia karibu kila wiki, na anayeuliza huwa ana haraka: "Nimeachisha watoto tisa, nina pumba na mashudu ya alizeti, niweke mashudu kilo ngapi?" Jibu langu huwa halimfurahishi mtu. Wiki mbili za kwanza usiweke hata kilo moja. Zamu ya mashudu ipo, ila bado.

Sababu naieleza kwa kifupi. Mtoto anayenyonya, tumbo lake limezoea maziwa. Vimeng'enya vya maziwa anavyo tele, lakini vya kuvunja wanga wa mahindi na protini ya mimea bado ni vichache, na asidi ya tumboni mwake ni hafifu. Protini ikimshinda kusaga inateremka hadi utumbo mpana na kuwa karamu ya bakteria. Ndiyo maana kuhara huanza siku ya nne au ya tano baada ya kuachishwa, wakati mfugaji ameshaanza kujipongeza.

Uzao wangu wa kwanza ulikuwa na watoto 11. Niliwachanganyia pumba, mashudu theluthi nzima, na soya mbichi niliyoipeleka mashineni ikasagwa vizuri kabisa, najisifu kwamba hiyo ni protini tupu. Ndani ya siku kumi nilizika wanne. Soya ilikuwa ya kutosha. Moto ndio sikuupitisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeachisha watoto wakiwa na wiki 6 hadi 8 na anachanganya chakula mwenyewe. Kama unaachisha wiki ya nne, hesabu zangu zisikuhusu: hapo unahitaji chakula maalumu chenye maziwa ya unga, ama uwaache wanyonye wiki mbili zaidi. Mimi ningewaacha wanyonye.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mahindi makavu yasiyo na ukungu, yasagwe na ngozi yake
- Pumba za mahindi
- Soya kavu nzima
- Dagaa wakavu wasio na chumvi
- Unga wa mifupa, chokaa ya mifugo, chumvi ya kawaida
- Premiksi ya nguruwe (mchanganyiko wa vitamini na madini), laisini na methionini (vipande vya protini vinavyouzwa kama unga), vyote kutoka duka la pembejeo za mifugo
- Mizani miwili: wa kupima kilo na mdogo wa jikoni wa kupima gramu
- Karai kubwa la kukaangia, turubai safi na koleo
- Vihori vya kutosha, watoto wote wale kwa wakati mmoja bila kupandana

Najua mtu akifika kwenye dagaa anaanza kukunja uso kwa sababu ya bei. Piga hesabu kwanza. Mtoto mmoja katika siku 14 za kwanza hula takriban kilo 4 hadi 5 tu. Watoto kumi wanamaliza kama kilo 50. Katika kilo hizo 50 dagaa ni kilo nne na nusu, na soya ni kilo kumi. Ni gharama ndogo kuliko kumpoteza mtoto mmoja. Wanaofilisika kwa chakula hufilisika miezi ya mwisho, nguruwe anapokula kilo mbili na zaidi kwa siku. Huko ndiko pa kubana matumizi.

Hatua ya 1: Waonjeshe wakiwa bado kwa mama

Wiki mbili kabla ya kuachisha, zungushia kona ya banda mbao zenye upenyo ambao watoto wanapita na mama hapiti. Weka humo konzi chache za mchanganyiko wa kwanza (upo Hatua ya 4), mara mbili kwa siku. Kilichobaki jioni mpe mama. Usikirudishe kwenye gunia. Watachezea zaidi ya kula, lakini utumbo unaanza kujifunza soya na dagaa huku maziwa yakiwa bado yapo. Anayeruka hatua hii ndiye anayeniandikia siku ya tano.

Hatua ya 2: Kagua dagaa kabla ya kulipa

Dagaa wa Ziwa Victoria (Kenya wanawaita omena) wengi huanikwa mchangani, na mchanga unapimwa kwenye mizani sawasawa na samaki. Chukua konzi moja, saga au ponda, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Mchanga utakaa chini, utauona kwa macho. Dagaa safi wana protini kati ya asilimia 50 na 65. Wenye mchanga wanashuka vibaya, tena utakuwa umenunua mchanga kwa bei ya dagaa. Nimewahi kuletewa gunia ambalo robo yake ilibaki kwenye chekecheo.

Kisha onja kwa ulimi. Dagaa wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi, na chumvi nyingi kwa mtoto asiye na maji ya kutosha ni sumu. Wakiwa na chumvi waloweke, mwaga maji, waanike upya, halafu chumvi kwenye mchanganyiko iache kabisa. Wanaonuka mafuta yaliyochacha usiwanunue. Dagaa wa Kigoma ni wazuri, ila hao ni wa mezani kwako.

Hatua ya 3: Kaanga soya, na uhakikishe imeiva

Hii ndiyo hatua inayoua watoto wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Soya mbichi ina vizuizi vinavyofunga kazi ya vimeng'enya vya protini. Mtoto anakula protini nyingi na kuinya yote. Moto huvunja vizuizi hivyo, lakini moto ukizidi unaunguza laisini, ambayo ndiyo sababu ya kununua soya. Unatafuta katikati.

Chambua mawe na punje zenye ukungu. Tia kwenye karai tabaka jembamba, kama vidole viwili, moto wa wastani, koroga bila kuacha. Kwa karai la kilo 3 hadi 4 huchukua dakika 20 hadi 30. Dalili za kuiva: ngozi inapasuka na kubanduka, rangi inakuwa ya kahawia hafifu kama karanga za kukaanga, harufu ya maharage mabichi inaondoka. Vunja punje katikati; ndani iwe krimu iliyokolea, bila ukijani. Ikishakuwa kahawia nzito au nyeusi umepitiliza, hiyo wape nguruwe wakubwa.

Asiye na subira ya kukoroga achemshe: loweka usiku kucha, mwaga maji, weka mengine, chemsha dakika 30 hadi 45 tangu yaanze kutokota, kisha anika juani hadi ikauke kabisa. Masika usijaribu, itaota ukungu kabla haijakauka.

Kuna kipimo cha nyumbani kisichohitaji maabara. Saga soya kidogo, chukua vijiko viwili vya unga huo, changanya na nusu kijiko cha mbolea ya urea na maji nusu glasi kwenye chupa yenye kifuniko. Funga, subiri dakika 20 hadi 30, fungua, nusa. Ikikupiga harufu kali ya amonia, ile ya mkojo wa banda lisilosafishwa, soya bado mbichi. Rudisha karaini. Mchanganyiko wa kipimo umwage shimoni, mbali na wanyama.

Saga soya ya kutosha wiki mbili tu. Ina mafuta karibu asilimia 20, na ikishasagwa huchacha haraka.

Hatua ya 4: Pima na changanya (mchanganyiko wa kwanza, kilo 100)

- Mahindi yaliyosagwa: kilo 60
- Pumba za mahindi: kilo 8
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 20
- Dagaa waliosagwa: kilo 9
- Unga wa mifupa: kilo 1.5
- Premiksi: kilo 0.5 (lebo ikisema kiasi kingine, fuata lebo na ufidie kwenye mahindi)
- Laisini: gramu 400
- Chumvi: gramu 300
- Chokaa: gramu 200
- Methionini: gramu 100

Watoto wakiwa kumi gawa kila kitu kwa mbili. Protini inafika kama asilimia 18, na theluthi mbili yake inatoka kwa soya na dagaa. Laisini ni kile kipande cha protini ambacho mahindi yanacho kidogo mno na ambacho bila yake nguruwe hakui, hata umpe protini nyingine kiasi gani. Ndiyo maana gramu 400 za unga ule zinanunulika bila majuto.

Usipandishe protini hadi asilimia 22 kwa sababu umesoma mahali kwamba watoto wanahitaji nyingi. Ziada hiyo ndiyo ile ile inayoteremka kulisha bakteria. Na chokaa isizidi hapo: inazima asidi ya tumboni, na asidi yenyewe mtoto anayo kidogo.

Kuchanganya kuna utaratibu wake. Vitu vya gramu (laisini, methionini, premiksi, chumvi) vianze pamoja na kilo 3 za mahindi kwenye beseni, geuza hadi usione weupe wa laisini. Ongeza chokaa na unga wa mifupa. Kisha mwaga juu ya soya na dagaa kwenye turubai, geuza kwa koleo, ndipo mahindi na pumba. Geuza lundo zima mara nne kutoka upande hadi upande. Ukimwaga laisini moja kwa moja juu ya lundo la kilo 100, watoto watatu wataila yote na saba hawataiona.

Usagaji uwe laini, chekecheo la milimita 3 au chini kidogo. Punje kubwa zinapita zima zima.

Hatua ya 5: Siku ya kuachisha, mtoe mama

Watoto wabaki kwenye banda walilozoea. Mama ndiye ahame, mbali ambako hawasikilizani. Siku hiyo usibadilishe chakula, usitoe dawa ya minyoo, usihasi, usichanganye uzao na uzao. Mfugaji mmoja aliniambia alifanya yote manne Jumamosi moja kwa sababu bwana mifugo alikuwa amekuja kutoka mbali. Nikamwelewa, lakini watoto hawakumwelewa.

Maji safi yawepo saa zote, kwenye chombo kifupi kisichopinduka. Asiyekunywa hali.

Hatua ya 6: Kidogo kidogo, mara nyingi

Siku ya kwanza gramu 100 kwa kila mtoto, zigawe mara nne au tano. Kila siku ongeza gramu 30 hadi 40 kwa kichwa, ufike gramu 300 hivi siku ya saba na gramu 500 siku ya 14. Walioachishwa wiki ya nane wanaweza kuanzia gramu 200. Kihori kikikauka ndani ya dakika 20 na bado wanatafuta, ongeza mlo unaofuata. Kikibaki chakula, punguza na uondoe kilichobaki kisichache.

Siku tatu za kwanza ni vizuri kukilowanisha kwa maji ya uvuguvugu kiwe kama uji mzito. Ukiwa na ng'ombe wa maziwa, tumia maziwa au mtindi badala ya maji, robo lita kwa kila mtoto kwa siku. Sukari ya maziwa husaidia kutengeneza ile asidi inayokosekana. Walio karibu na watengeneza jibini, kama kule Njombe, waombe maji yanayobaki baada ya jibini kuganda. Yatumike siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Hamia mchanganyiko wa pili

Kuanzia siku ya 15, kama hakuna anayehara. Sasa mashudu yanaingia:

- Mahindi: kilo 50
- Pumba: kilo 15
- Soya iliyokaangwa: kilo 18
- Mashudu ya alizeti: kilo 8
- Dagaa: kilo 6
- Unga wa mifupa: kilo 1.3
- Chokaa: gramu 500
- Premiksi: gramu 500
- Chumvi: gramu 300
- Laisini: gramu 300
- Methionini: gramu 100

Usibadilishe kwa siku moja. Siku mbili robo mpya na robo tatu ya zamani, siku mbili nusu kwa nusu, siku mbili robo tatu mpya, kisha mpya tupu. Huo wape hadi wafike kilo 25.

Mashudu ya mashine zetu ndogo za kukamua hutoka na maganda mengi: nyuzi nyingi, protini asilimia 25 au chini, laisini haba. Hiyo kilo 8 isivuke 10 kabla nguruwe hajawa mkubwa. Ukiwa na shaka na mzigo mkubwa, maabara za SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro na TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Temeke hupima chakula cha mifugo; kwa tani nzima inafaa, kwa gunia mbili hapana.

Protini nyingine mnazoniuliza

Damu ya ng'ombe: nzuri, ina protini zaidi ya asilimia 80 ikikauka na laisini nyingi. Ichemshe hadi igande yote, ianike, isage. Isizidi kilo 2 katika 100, hawaipendi. Damu ya nguruwe usiguse, ni njia ya homa ya nguruwe.

Mashudu ya pamba: hapana kwa watoto. Yana gosipoli, sumu inayoharibu moyo polepole, na utashangaa mnyama mwenye afya anaanguka ghafla.

Mashudu ya karanga: protini nzuri, lakini huweza kuwa na sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Yakiwa na harufu ya kuvunda au ya zamani yasiyojulikana yalikotoka, acha.

Makombo ya hoteli: kwa watoto hawa hapana. Kwa wakubwa, yachemshwe yatokote, kila mara, hata kama mwenye hoteli anaapa hakuna kitimoto ndani.

Funza wa nzi weusi waliokaushwa wanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya dagaa. Azola, ule mmea mdogo unaoelea majini, ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Wape mama zao.

Mambo yakiharibika

*Kuhara majimaji siku ya 4 hadi ya 10, bado wamechangamka.* Kata chakula nusu kwa siku mbili, usikate maji. Tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kausha sakafu, badilisha nyasi. Rudia kipimo cha soya. Ikiwa wamelegea, macho yameingia ndani au kuna damu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Antibayotiki ya kubahatisha itakugharimu mara mbili.

*Wanakula vizuri, manyoya yanarefuka, tumbo kubwa, mgongo umechongoka.* Kwanza minyoo. Kama wameshapewa dawa, tazama laisini: uliiweka, na ilichanganyika? Halafu dagaa: rudi kwenye glasi ya maji.

*Wanakataa kula.* Nusa soya na dagaa kama vimechacha. Punguza damu kama uliweka. Chakula kikiwa vumbi tupu, lowanisha.

*Wanayumba, wanagonga ukuta, wanatetemeka.* Chunguza maji kwanza. Kama yalikauka na dagaa wana chumvi, wape maji kidogo kidogo kila baada ya dakika chache, usiwaachie wanywe kwa fujo, ita daktari. Kama kope zimevimba na wanaoyumba ndio waliokuwa wanene kuliko wote, hiyo huwa ni sumu ya bakteria ya baada ya kuachishwa. Punguza chakula mara moja na ita daktari.

*Wakubwa kwa wadogo wana homa kali, ngozi inakuwa nyekundu masikioni na tumboni, vifo vinafuatana.* Hilo si la chakula. Usiuze, usichinje, usihamishe mnyama. Funga banda na mpigie afisa mifugo wa kata. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba.

*Dagaa wameadimika katikati ya mchanganyiko wa kwanza.* Kwa kilo 100, toa dagaa kilo 4.5, weka damu ya ng'ombe iliyokaushwa kilo 2 na soya iliyokaangwa kilo 2.5. Unga wa mifupa ongeza nusu kilo, na mahindi punguza nusu kilo. Dagaa kilo 4.5 zilizobaki usiziondoe hata kama muuzaji anakwambia soya peke yake inatosha.